Anajua ni kosa, mbona bado anafanya?

Julai Dodoma ina baridi kavu, na upepo wake una vumbi linalopenya hadi kwenye soksi. Asubuhi moja ya Julai 2019, siku za mashindano ya Mataifa ya Afrika yaliyochezwa Misri, wavulana sita wa kidato cha tatu walikuwa wamepiga magoti mbele ya paredi. Usiku wake walikuwa wameruka uzio wa bweni wakaenda kibanda umiza kuangalia mpira. Waliporudi saa saba usiku mlinzi aliwamulika tochi, watatu wakiwa tayari ndani, watatu wakining'inia kwenye uzio.

Mwalimu wa nidhamu alikuwa ameshika fimbo. Mimi nilikuwa mwalimu wa malezi, na kabla ya adhabu niliomba jambo moja tu: kila kijana apewe karatasi, akae mbali na wenzake, ajibu swali hili. Kwa nini mlichofanya si sawa?

Karatasi zile ninazo hadi leo. Ya kwanza ina mstari mmoja: "Kwa sababu tumekamatwa." Wawili waliandika karibu kitu kilekile, kwamba watachapwa na wazazi wataitwa. Wa nne alisema kwamba mama yake anauza karanga Kibaigwa ili yeye asome, na akisikia ataumia. Wa tano aliandika kama kiranja: kanuni zinakataza, na kila mtu akiruka uzio shule itakuwa si shule. Wa sita aliandika kuhusu mlinzi. Alisema wao wangepata ajali huko nje, mzee yule ndiye angefukuzwa kazi, na hakuna hata mmoja wao aliyemfikiria.

Kosa ni moja, usiku ni mmoja, uzio ni uleule. Sababu zao ndizo zilizoachana mbali. Adhabu iliyokuwa imeandaliwa ilikuwa ya namna moja kwa wote sita, nami nilijiuliza itamfundisha nini huyu wa mlinzi na itamfundisha nini yule wa "tumekamatwa".

Kwenye vikao vya wazazi tunasema "hana maadili", "hana nidhamu", "ana tabia mbaya" kana kwamba ni maneno ya jambo moja. Ni mambo matatu. Lipo la kujua lililo jema na kwa nini ni jema. Lipo la kutii, yaani kufuata kanuni na kumsikiliza mkubwa. Na lipo la kutenda jema lenyewe, hasa pale ambapo hakuna anayetazama. Mtoto anaweza kuwa na moja akakosa mawili. Ugomvi mwingi kati ya walimu, wazazi na vijana wao unatokana na kutibu moja kwa dawa ya lingine.

Tuanzie kwenye gololi

Aliyelianza jambo hili kwa utulivu ni Jean Piaget wa Uswisi, ambaye mwaka 1932 alichapisha matokeo ya kazi yake juu ya namna watoto wanavyoamua mema na mabaya. Hakuanza na amri kumi wala na vitabu vya dini. Alikaa na watoto wanaocheza gololi, akawauliza: kanuni hizi zimetoka wapi? Zinaweza kubadilishwa? Wadogo walijibu kwamba kanuni zimewekwa na wakubwa na haziguswi, ingawa wakicheza wanazivunja ovyo bila hata kujua. Wakubwa kidogo, wa miaka kumi na kuendelea, walijua kwamba kanuni ni makubaliano yao wenyewe, kwamba wote wakikubaliana zinabadilika, na ajabu ni kwamba hao ndio walizishika kweli.

Yeyote aliyewahi kukaa kibarazani Chang'ombe au Nkuhungu jioni akaangalia watoto wanavyobishana juu ya gololi iliyotoka nje ya mstari anaijua habari hii. Mtoto hushika sana kanuni aliyoshiriki kuitunga. Aliyoletewa tu huishika akiwa anaona macho ya mtu.

Mmarekani Lawrence Kohlberg aliichukua kazi hiyo akaipeleka kwa vijana. Kwa ajili ya tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1958 aliwahoji wavulana 72 wa eneo la Chicago, wa miaka 10, 13 na 16. Kisa chake kinachojulikana zaidi ni cha mume ambaye mkewe anakufa kwa saratani. Dawa ipo kwa mfamasia mmoja, bei yake ni ya kukomoa, mume amekopa kila mahali akapata nusu tu, na mfamasia amegoma kupunguza au kukopesha. Je, avunje duka? Kohlberg hakujali sana kama kijana alijibu ndiyo au hapana. Alichopima ni sababu aliyoitoa.

Akapanga sababu hizo katika ngazi tatu, kila ngazi na hatua mbili. Chini kabisa ni adhabu na faida: nitapigwa, au nitapata nini. Katikati ni watu na utaratibu: wataniona mtu wa namna gani, kisha sheria inasemaje. Juu ni kanuni za haki na thamani ya mtu, ambazo kwazo hata sheria yenyewe inaweza kuhukumiwa. Vijana wengi wa sekondari wanapatikana kwenye mpito wa kutoka chini kwenda katikati, na watu wazima wengi hawaivuki katikati maisha yao yote. Katika karatasi zangu sita, watatu walikuwa chini, wawili katikati, na yule wa mlinzi alikuwa anachungulia kwingine kabisa.

Nimesema kwingine kwa sababu Kohlberg alipingwa, na pingamizi lilikuwa la haki. Mwaka 1982 Carol Gilligan, aliyewahi kufanya naye kazi, alionesha kwamba ngazi zile zilijengwa juu ya majibu ya wavulana na zinatukuza haki na kanuni, huku zikimshusha mtu anayeanza kwa kuuliza nani ataumia na nani anahitaji kuangaliwa. Kwetu sisi tunaolelewa kwa neno utu, pingamizi hili halihitaji maelezo mengi. Mvulana aliyemwandika mlinzi hakutaja kanuni yoyote. Alimtaja mtu.

Kutii si maadili

Hapa najua nitawakera baadhi ya wazazi, lakini ni lazima lisemwe. Mtoto mtiifu si lazima awe mtoto mwadilifu.

Mfano wake tunao hapahapa. Ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 ulifanywa kosa la jinai nchini mwaka 1998. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba asilimia 47 ya wanawake wa umri wa kuzaa mkoani Dodoma walikuwa wamekeketwa. Sasa mfikirie binti wa kidato cha kwanza wa kijiji cha Chamwino au Mpwapwa anayekataa, anayemjibu bibi yake, anayekimbilia kwa mwalimu. Nyumbani ataitwa mkaidi, mtoto aliyeharibiwa na shule. Kwa kipimo cha utii ameshindwa. Kwa kipimo cha maadili yuko mbele ya ukoo mzima.

Sidharau malezi ya zamani ya Wagogo. Kaya iliyokuwa na babu, wajomba na majirani wenye haki ya kumkanya mtoto yeyote ilikuwa shule kubwa, na jando lilimpa kijana jibu la swali ambalo leo analitafuta kwenye simu: mimi ni nani sasa, na natarajiwa nini? Ila tukiyasifu tuyasifu yote kwa ukweli wake. Ndani yake yalikuwemo ya kubeba na ya kuacha, na anayeweza kuyachagua ni yule aliyefundishwa kufikiri juu ya jema, si yule aliyefundishwa kunyamaza.

Pengo

Sasa nirudi kwa yule mvulana wa sita, kwa sababu sijamaliza habari yake. Wiki tatu baadaye alikamatwa tena, uzio uleule, na kundi lilelile.

Siku ile niliumia kuliko nilivyomwonesha. Lakini baadaye nilitambua kwamba nilikuwa nimekutana na tatizo lililowasumbua watafiti karibu miaka mia. Katika miaka ya 1920 Wamarekani wawili, Hugh Hartshorne na Mark May, waliwapima watoto zaidi ya elfu kumi katika mitego midogo ya uaminifu: mtihani ambao unaweza kuangalizia, mchezo ambao unaweza kudanganya, sarafu ambazo unaweza kuondoka nazo. Walitegemea kuwapata watoto waaminifu na watoto waongo. Walichokuta ni kwamba mtoto huyohuyo alikuwa mwaminifu hapa na mdanganyifu pale, kutegemea mazingira, wenzake na uwezekano wa kuonekana. Na kuyajua maadili kwa mdomo hakukuwa ahadi ya kuyatenda.

Kwa hiyo mzazi anayesema "nimemwambia mara mia, anajua kabisa" anasema kweli. Anajua. Tatizo limehama kutoka kwenye kujua likaingia kwenye pengo lililopo kati ya kujua na kutenda, na mara ya mia na moja haitalijaza.

Pengo hilo kwa kijana lina maumbile yake. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopima matokeo na kuzuia pupa, nayo huendelea kukomaa hadi mtu anapofika katikati ya miaka ya ishirini. Sehemu zinazohisi raha, msisimko na sifa huchangamka mapema zaidi, wakati wa kubalehe. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha jaribio ambalo vijana na watu wazima walicheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana walipocheza mbele ya wenzao walihatarisha zaidi kuliko walipocheza peke yao. Watu wazima hawakubadilika. Simama barabara ya Nala saa za kutoka shule uangalie bodaboda iliyopakia mshikaki, wanafunzi watatu nyuma ya dereva. Kila mmoja wao ukimuuliza akiwa peke yake atakueleza hatari yake bila kukosea.

Kuna kitu kingine ambacho watu wengi hawakioni, na kwangu ndicho kiini. Kijana anapopanda kutoka ngazi ya chini kwenda ya kati, anaacha kuogopa fimbo na kuanza kuogopa kuonekana mtu mbaya machoni pa watu wake. Hayo ni maendeleo. Ila watu wake kwa umri huo ni akina nani? Si mwalimu wala baba. Ni wale wanne wanaokaa naye dawati la nyuma. Uaminifu kwa kundi, kutomchoma mwenzako, kutokuwa mchoyo, hayo yote ni maadili halisi yaliyomea kwenye shamba dogo mno. Angalia mtihani: binti anayejua majibu anasogeza karatasi ili rafiki yake aangalizie. Mwalimu anaona udanganyifu. Binti anaona ukarimu, kwa sababu darasa zima litamwita mwenye roho mbaya akikataa. Ukimwadhibu kama mwizi hatakuelewa, kwa kuwa moyoni mwake alitoa, hakuchukua. Anachohitaji ni mtu wa kumpanulia shamba: na yule aliyesoma usiku kucha bila kuangalizia, umemfanyia nini?

Nilimuuliza mvulana wangu ilikuwaje. Alinijibu kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nikiwa peke yangu najua kabisa. Wakishanigongea dirisha, akili inakuwa ya kwao."

Si kila utukutu ni ugonjwa

Mwaka 1993 Terrie Moffitt, aliyekuwa akifuatilia watoto wapatao elfu moja waliozaliwa mji wa Dunedin huko New Zealand mwaka 1972 na 1973, alitenganisha makundi mawili ambayo walimu tunayachanganya kila siku. Lipo kundi dogo la walioanza mapema, tangu chekechea na darasa la kwanza: kupiga, kuiba, kutesa wadogo, na huwa wanaendelea hadi utu uzima. Nyuma yao mara nyingi kuna nyumba yenye vurugu, matatizo ya ukuaji wa ubongo, au vyote. Kisha lipo kundi kubwa zaidi la walioanza ujanani na wanaoacha wakifika utu uzima. Hawa wana mwili wa mtu mzima na haki za mtoto, na utukutu ndio njia yao ya kujaribisha viatu vya wakubwa.

Kwa mzazi, swali la kwanza basi si "amefanya nini?" bali "ilianza lini, na imetokea baada ya nini?" Mtoto aliyekuwa mtulivu hadi kidato cha kwanza akageuka ghafla kidato cha pili ana jambo. Baba ameondoka, kuna msiba ambao hakuna aliyezungumza naye, anaonewa bwenini, macho yake hayaoni ubao na ameona afadhali aitwe mkorofi kuliko aitwe mjinga. Nimekutana na hilo la macho zaidi ya mara moja.

Daftari la mahudhurio linasema zaidi ya daftari la adhabu

Mkoa wetu unapata mvua ya msimu mmoja, kwa wastani milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Januari hadi Machi uwele wa mwaka jana unakwisha na wa mwaka huu bado mbichi shambani. Katika shule niliyofundisha, utoro wa rejareja, ule wa kukosa Jumatatu, kuja Jumanne, kupotea Alhamisi, ulipanda miezi hiyohiyo. Tuliita ni tabia. Kwa wengi ilikuwa njaa na jembe.

Halafu kuna geto. Shule nyingi za kata zilijengwa kuanzia mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa mwaka 2004, na kwa vijiji vilivyotawanyika kama vya Bahi, Chemba na Chamwino, kata moja inaweza kuwa ya mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mwisho mmoja hadi shuleni. Wazazi wasioweza kulipia bweni wanampangia mtoto chumba karibu na shule. Nilikitembelea kimoja. Ukuta wa tofali za udongo, mlango wa bati unaofungwa kwa waya, godoro la inchi nne sakafuni, ndoo ya maji, nusu debe la unga wa uwele, mlenda mkavu kwenye mfuko wa rambo, sare imetundikwa msumarini, imefuliwa vizuri. Mwenye chumba alikuwa binti wa miaka kumi na tano. Kuanzia saa kumi jioni hadi saa moja asubuhi hapakuwa na mtu mzima wa kumwambia lolote, jema wala baya. Unga ukiisha kabla ya mwisho wa mwezi, wa kwanza kujua si mama yake aliye kijijini. Ni mwenye duka, na kijana wa bodaboda anayepita kila siku.

Binti huyo akipata ujauzito, kikao kitajadili maadili yake. Mimi nasema kikao kijadili maadili ya mwanamume. Tangu mwaka 2016 sheria imeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi ujauzito au kumwoa, na tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliokatisha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi kwenye mfumo rasmi. Lakini desturi ya kumwona binti ndiye aliyeharibika bado ina nguvu kuliko waraka.

Mjini mambo ni mengine. Serikali ilipohamia rasmi kuanzia mwaka 2016, Dodoma ilifumka. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 410,956 katika manispaa. Ya 2022 ikawakuta 765,179 katika jiji. Karibu mara mbili kwa miaka kumi. Mitaa ya Ilazo, Kisasa na Nzuguni imejaa watu wasiojuana. Mzee wa zamani aliyemwona mtoto wa jirani akivuta sigara alimkamata mkono akampeleka kwao. Leo hajui kwao ni wapi, na akijua anaogopa kuambiwa "mtoto wangu hakuhusu". Wazazi wanaondoka alfajiri kuwahi ofisi za serikali kule Mtumba na kurudi usiku, na kijana anabaki na simu yenye mikeka ya kubeti na video za kila aina. Simu nayo haina jirani.

Fimbo inafundisha nini?

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziko wazi: si zaidi ya viboko vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, binti achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari. Ukweli wa shuleni tunaujua. Utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walipigwa au kuumizwa kimwili kabla ya miaka 18, na takriban nusu walisema aliyewafanyia hivyo alikuwa mwalimu. Mwaka 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi mkoani Kagera alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu.

Siwashushi walimu wenzangu. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, darasa la watoto arobaini limekuwa la themanini, na mwalimu wa nidhamu ana vipindi ishirini na zaidi kwa wiki juu ya kazi hiyo. Fimbo ni ya haraka, na ya haraka inavutia mtu aliyechoka.

Ila tazama inavyofanya kazi kwenye ngazi zile. Inazungumza na ngazi ya chini peke yake. Yule wa "tumekamatwa" inamthibitishia kwamba yuko sahihi: kosa lilikuwa kuonekana, kesho nitakuwa mwangalifu zaidi. Yule wa mama wa Kibaigwa na yule wa mlinzi inawavuta kurudi chini, kwa sababu aliyekwisha kupigwa huona amelipa deni, hana tena sababu ya kumfikiria mlinzi. Na kwa kundi la nyuma viboko vinne bila kulia ni sifa.

Njia nyingine zipo na zimejaribiwa kwetu. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Mabula Nkuba na wenzake katika shule nane za sekondari za umma nchini. Walimu wa nusu ya shule hizo walipewa mafunzo ya siku chache: namna ya kujenga uhusiano na mwanafunzi, kusifu kwa usahihi, kumsaidia mwenye mzigo, kutoa adhabu isiyo ya mwili. Miezi michache baadaye ukatili katika shule hizo ulikuwa umepungua ukilinganisha na zile nyingine.

Kohlberg mwenyewe alifika mahali akaona kujadili visa vya dawa na mfamasia hakutoshi. Mwaka 1974 alisaidia kuanzisha shule ndogo ndani ya sekondari moja ya Cambridge, Massachusetts, ambako walimu na wanafunzi walikaa kikao kila wiki, kila mtu kura moja, wakatunga kanuni zao. Pesa za msichana mmoja zilipoibwa, kikao hakikuanza na msako. Walibishana juu ya jumuiya gani mtu anaibiwa ndani yake, wakaamua kwamba zisiporudishwa kila mmoja atachanga senti chache zilipwe. Miaka saba kabla ya shule ile, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kusema katika Elimu ya Kujitegemea kwamba wanafunzi wawe na sauti katika maamuzi ya shamba na kazi za shule yao. Tulibeba jembe. Kikao tulikiacha.

Sisi, baada ya kukamatwa kule kwa pili, tulifanya mambo mawili. La kwanza lilikuwa dogo hadi aibu: kitanda cha yule mvulana kilihamishwa kutoka dirishani hadi katikati ya bweni, karibu na cha kaka mkuu. Akili yake ilipata dakika chache za kuwa yake, na hakuruka tena uzio hadi anamaliza. La pili lilichukua muhula mzima. Mkuu wa shule aliruhusu baraza la wanafunzi likae na swali la mpira, akatuachia bwalo na televisheni ya mwalimu mmoja kwa usiku wa Jumamosi. Wanafunzi walitunga adhabu kali kuliko zetu, tukalazimika kuwaomba wazipunguze. Walibishana hadi kengele ya kulala kuhusu kidato cha kwanza wakae wapi.

Karatasi ya makubaliano niliikuta imebandikwa mlangoni mwa bwalo Jumamosi ya kwanza. Kanuni saba. Ya nne ilisema mlinzi awekewe kiti karibu na mlango, na apewe chai, aangalie mpira na wenzake. Mwandiko niliutambua palepale: ni ule wa mstari mmoja, "kwa sababu tumekamatwa".